Kikao cha Kuzima Mashine

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mkuu wa shule, ambaye ndiye mwenyekiti wa kila kikao, mwalimu wa taaluma, ambaye ndiye mwenye ofisi ya ghorofani tuliyokuwa tumekaa, mhasibu, ambaye ndiye katibu na anaandika muhtasari kwa kalamu ya wino kwa sababu hapendi vitu vinavyofutika, walimu wote isipokuwa wa Jiografia, aliyekuwa msibani, matroni wa bweni, dereva wa basi la shule, mlinzi wa mchana, mtunza bustani, aliyeingia na mpira wa maji begani kwa sababu hakuna aliyemwambia kikao kinahusu nini, mama wa chai, ambaye hahesabiwi kwenye akidi lakini bila yeye hakuna kikao, na mimi, mtu wa kompyuta, nikiwa kwenye kipindi cha majaribio. Kwenye safu ya waalikwa katibu aliandika: mashine.

Ajenda ilikuwa moja tu. Kuizima mashine na kuiwasha tena.

Najua inavyosikika. Mtu yeyote mwenye simu ameshafanya jambo hilo akiwa amelala chali, kwa kidole gumba, bila mwenyekiti wala katibu. Lakini ile ilikuwa shule binafsi ya sekondari, huku Boko, na mashine ile haikuwa kompyuta kama kompyuta nyingine. Ndani yake mlikuwa na alama za wanafunzi wote tangu shule ifunguliwe. Mtu wa kompyuta aliyenitangulia aliizima siku moja akienda kula, kama unavyozima taa ukitoka chumbani, na ilipowashwa alama za kidato cha nne hazikuonekana. Baadaye zilipatikana, zilikuwa kwenye folda nyingine, ila yeye alikuwa ameshafukuzwa, na kumrudisha kulihitaji kikao ambacho hakuna aliyekiitisha. Kilichobaki ni azimio. Lilichapwa, likavalishwa plastiki, likabandikwa ukutani juu ya mashine: mashine hii haitazimwa na mtu yeyote isipokuwa kwa uamuzi wa kikao halali chenye akidi ya theluthi mbili ya wafanyakazi wote, atakayeizima bila kikao atakuwa amejiachisha kazi. Chini yake, kwa mwandiko wa mwalimu wa taaluma: HAKUNA KUCHOMEKA KITU CHOCHOTE.

Hapo ndipo nilipoingia mimi.

Mimi ni wa kwanza kati ya wanne. Mama alitangulia, baba akafuata kabla hatujazoea, na mimi nikaacha shule kidato cha pili. Hakuna aliyeniambia niache. Asubuhi moja nilivaa sare, nikageuka, nikaona wadogo zangu wamekaa kitandani kwa mstari wananiangalia, kama watu wanaosubiri kuambiwa watakula nini. Nikavua sare. Kwa miaka mingi nilibeba maturubai na viti vya kukodisha, Temeke nzima: harusi, misiba, kipaimara, maulidi. Kuna siku tulifunga turubai la harusi na la msiba kwenye uwanja mmoja, na jioni nusu ya watu wa harusi walikula wali wa msiba na kuusifu. Ilikuwa kazi nzuri mpaka mgongo ulipokataa.

Mdogo wangu anayenifuata, ambaye sasa ni karani na anapenda kila kitu kiwe kwenye mstari wake, ndiye aliyenisukuma kwenye kompyuta.

"Kaka, wewe una subira," aliniambia. "Kazi ya kompyuta ni subira tu. Unakaa, unaisubiri."

Alikuwa amekosea kidogo sana. Nikajiandikisha kozi Kinondoni, ghorofani juu ya bucha, nikasoma na vijana walioniamkia shikamoo kila asubuhi mpaka mwalimu akawakataza, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mdogo kwangu na walikuwa wanamchanganya. Umeme ulikatika mara kwa mara. Ukikatika tulisoma kwa nadharia: mwalimu anachora kompyuta ubaoni, sisi tunamwambia abonyeze wapi. Mpaka tunamaliza, kanuni moja ilikuwa imenikaa kichwani kuliko zote: kifaa kikileta tatizo, kizime, subiri kidogo, kiwashe. Mwalimu alisema nusu ya kazi ya kuhudumia wenye kompyuta duniani ni hiyo. Nusu nyingine ni kumuuliza mwenye kifaa kama amekichomeka.

Nikapata kazi mahali ambapo nusu ya kwanza ilikuwa imepigwa marufuku kwa azimio, na ya pili kwa mwandiko wa mwalimu wa taaluma.

Niliipata hivi. Nilikwenda pale na maturubai ya mahafali, katika safari zangu za mwisho mwisho. Spika ikagoma mkuu wa shule akiwa katikati ya hotuba. Nikaizima, nikasubiri kidogo, nikaiwasha. Ikaongea. Mkuu alipomaliza akaniita pembeni.

"Kijana, wewe umesomea?"

"Ndiyo kwanza nimemaliza kozi ya kompyuta, Mkuu."

"Tunatafuta mtu wa kompyuta," akasema, akinikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Yule wa mwanzo alikuwa na haraka."

Mshahara haukuwa wa kusimulia. Ila palikuwa na jambo jingine: mdogo wetu wa mwisho, binti, angesoma pale bila ada muda wote nitakaokuwa mwajiriwa. Alikuwa anaingia kidato cha pili. Sikuuliza swali jingine. Tukahama Temeke, tukapanga chumba na sebule nyuma ya shule, naye akapewa sare na tai. Kilichokuwa kimebaki ni mimi kuvuka majaribio. Nikithibitishwa, anasoma mpaka mwisho. Nisipothibitishwa, tunatoka getini wote wawili, mimi na cheti changu na yeye na begi lake.

Tatizo lilianza kwenye kikao cha kwanza nilichohudhuria, kilichohusu urefu wa soksi. Katikati ya soksi mashine ikaanza kulia. Piii. Piii. Piii. Kwa usahihi, sauti ilitoka kwenye yupiesi, kile kiboksi cheusi cha chini ya meza kinachoishikilia mashine umeme ukikatika. Lakini umeme ulikuwepo. Ililia kwa muda, watu wakitazamana, kisha ikanyamaza yenyewe. Mama wa chai akatoka na sinia. Tukanywa kwa hofu.

"Mtu wa kompyuta, hiyo ni nini?" mkuu akauliza.

"Sijajua, Mkuu. Ngoja nifuate nyaya zake nione."

Nyaya zilipita nyuma ya kabati la mitihani. Kabati la mitihani lilikuwa la chuma, refu, limekata ofisi vipande viwili. Upande huu mashine, upande wa pili, nyuma ya pazia, meza ya vikombe. Na kabati la mitihani halisogezwi mpaka mkuu, mwalimu wa taaluma na mhasibu wawepo wote watatu, kila mmoja na ufunguo wake, hata kama hamlifungui, mnalisogeza tu. Nikaomba lisogezwe. Ombi likapelekwa kwenye kikao.

Kikao cha ombi langu kilianza vizuri. Kisha mashine ikalia, watu wakasahau kabati wakajadili kilio.

Tangu hapo ikawa hivyo. Siku za kawaida, kimya kabisa. Mwalimu wa taaluma anaingiza alama zake, mimi nimekaa naisubiri kama mdogo wangu alivyoniambia. Siku ya kikao, inalia. Mwalimu wa Fizikia akasema ni joto la watu wengi chumbani. Tukafungua madirisha, ikalia. Mwalimu wa Uraia akasema mashine imechoka na vikao kama sisi wengine, ila yenyewe ina ujasiri. Mkuu akaitisha kikao cha dharura kujadili kwa nini mashine inalia kwenye vikao, na kwenye kikao hicho ikalia. Katibu aliandika yote. Nimewahi kuusoma ule muhtasari. Kuna ukurasa mzima ambao ajenda ni kilio, mjadala ni kilio na azimio ni kwamba kikao kijacho kijadili kilio.

Kisha ikaingia Ramadhani. Vikao viliendelea, ila chai ilisimamishwa kwa heshima ya waliofunga; hata sie tusiofunga tulikaa na koo kavu kwa adabu. Mwezi mzima mashine haikulia hata mara moja.

Mwalimu wa dini ya Kiislamu, mtu mpole ambaye kabla ya hapo alikuwa anapita korido akiambaa na ukuta, akaanza kupita katikati. "Ni mwezi mtukufu," alikuwa akituambia, bila kuringa. "Hata chuma kinajua." Katibu akaandika: hali ya mashine, nzuri. Idd ikapita. Kikao cha kwanza baada ya Idd chai ikarudi na maandazi juu, na mashine ikalia kuliko zamani. Mwalimu wa Hesabu, ambaye Jumapili ni mchungaji, akakunja mikono ya shati akasema sasa ni zamu yake.

Mimi nilikuwa na cheti, tena chenye mhuri. Na bado kwa muda niliamini. Nilikuwa nikiipangusa vumbi asubuhi namwambia mdogo wangu asikaribie dirisha la ile ofisi.

Basi mambo yalipofika hapo, ndipo mashine ilipoganda. Haikuwa imezimwa kwa zaidi ya mwaka, na ilikuwa imekuwa nzito, unabonyeza leo inaitika kesho. Siku ile kesho yake ilikuwa siku ya wazazi. Ripoti zote zilikuwa ndani, hazijachapwa. Mwalimu wa taaluma alibonyeza kuchapa, kioo kikasimama, kishale kikasimama, hata saa ya pembeni ya kioo ikasimama. Nikatazama kwa muda wa heshima. Kisha nikamfuata mkuu nikamwambia hakuna dawa nyingine: tuizime, tusubiri kidogo, tuiwashe.

Mkuu alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuzomewa na wazazi.

"Kijana, mie nakuelewa. Nitaitisha kikao sasa hivi. Ila alama zikipotea sitakuwa na la kukusaidia."

"Na zikibaki, Mkuu?"

"Zikibaki nakuthibitisha leo hii, mbele ya wote."

Akidi ya azimio ilikuwa theluthi mbili ya wafanyakazi wote, siyo walimu peke yao. Wapishi waligoma kupanda, wali ulikuwa motoni. Ndiyo maana akaitwa dereva, akaitwa mlinzi, akaitwa mtunza bustani na mpira wake. Viti havikutosha. Mama wa chai alichungulia, akahesabu vichwa kwa macho, akaguna, akashuka bwenini. Nilimuona akirudi na birika la umeme la matroni kwapani, jekundu. Sikulifikiria. Nilikuwa nafikiria alama.

Kikao kilifunguliwa kwa dua, kisha kwa sala. Mwalimu wa dini alisoma kwa upole, mikono wazi. Mchungaji wetu wa Hesabu hakuwa na upole. Aliinyooshea mashine kidole.

"Roho ya kuganda!"

"Ishindwe!" wakaitikia baadhi ya walimu.

"Roho ya kulia lia kwenye vikao!"

"Ishindwe!"

Mlinzi aliitikia pia, kwa sauti kuliko wote, halafu akamuuliza dereva kwa chini ni nani anaumwa.

Mkuu akasoma ajenda. Mhasibu akanyoosha kalamu.

"Mwenyekiti, naomba mwongozo. Kuzima ni jambo moja, kuwasha ni jambo jingine. Tukipitisha kuzima, halafu mtu akatoka, akidi ikavunjika kabla ya kuwasha, tutakuwa na mashine iliyozimwa kihalali ambayo hakuna mwenye mamlaka ya kuiwasha."

Ilikuwa hoja nzito, hakuna aliyekuwa ameifikiria.

"Mie gari nikilizima naliwasha mwenyewe," dereva akasema. "Siitishi kikao."

"Dereva, subiri nafasi yako."

"Nasema tu."

Ikaamuliwa kwamba kati ya kuzima na kuwasha hakuna atakayetoka chumbani. Mlinzi akasimamishwa mlangoni.

"Samahani, Mkuu," mtunza bustani akasema, "bomba nimeliacha wazi huko chini."

"Hakuna kutoka."

"Maji yanaenda uwanjani, Mkuu. Kwenye viti vya wazazi."

"Umesikia azimio au hukusikia?"

Akakaa, amekumbatia mpira wake.

Tulikuwa tunakaribia kupiga kura pale mwalimu wa taaluma aliposimama. Alikuwa mtu makini, na mashine ile aliipenda kwa namna yake. "Mwenyekiti, kabla ya kura naomba mtu wa kompyuta atuoneshe kitufe chenyewe. Tusije tukapitisha kitu tusichokijua."

Wakakubali. Nikasimama, nikainama mbele ya mashine, nikanyoosha kidole kwa mbali kidogo ili wote waone. Muda uleule yupiesi ikaanza. Haikulia piii, piii kama siku zote. Ililia moja kwa moja, bila kupumua. Watu wakasogeza viti nyuma. Mchungaji akanyanyua mkono.

"Kitufe ni hiki hapa," nikasema.

Mashine ikazimika.

Kioo kikawa cheusi. Feni yake ya ndani ikazunguka mara ya mwisho ikatulia. Kilio nacho kikakatika. Tukasikia maji ya bomba huko chini.

"Amezima!" mwalimu wa taaluma akapiga kelele. "Amezima kabla ya kura!"

"Sijagusa, Mwalimu."

"Kidole kilikuwa wapi?"

"Hapa."

"Na kitufe kiko wapi?"

"Hapa."

"Jamani si mnaona!"

Mwalimu wa Fizikia akaomba rula. Akaletewa. Akapima kutoka kwenye kidole changu, ambacho niliogopa kukitoa, mpaka kwenye kitufe, akasoma kipimo kwa sauti, katibu akaandika. Mtu mmoja akauliza kama kidole kilikuwa kimetulia au kilitetemeka. Mwingine akasema mashine za siku hizi nyingine hazihitaji hata kuguswa, ukizikaribia tu zinaelewa.

"Sijagusa," nikasema tena. Sina maneno mengi. Jambo likiwa la kweli mimi hulirudia tu.

Nilikuwa bado nimeinama, na kutoka pale nilipokuwa dirisha lilinionesha uwanja. Kidato cha pili walikuwa wanahamisha viti kwenye maji. Mdogo wangu alivibeba vinne vinne, vimepachikana, kama nilivyomfundisha nyumbani, akiwapigia kelele wenzake kwamba wanavibeba vibaya.

"Katibu," mkuu akasema, bila kunitazama, "tusomee azimio."

Mhasibu hakuhitaji kuinuka. "Atakayeizima bila kikao atakuwa amejiachisha kazi."

Hapo ndipo pazia la upande wa pili wa kabati lilipofunuliwa, mama wa chai akatoka, amekasirika, na birika mkononi.

"Nani kaninyamazishia birika?"

"Mama, tafadhali, tuko kwenye jambo zito."

"Na mie niko kwenye chai! Limenyamaza, nikajua tayari, nikamimina. Maji vuguvugu! Majani hata hayajatoa rangi. Watu wote hawa mnataka niwanyweshe nini?"

Mkuu alikuwa na subira siku hiyo, au alikuwa amechoka. "Birika gani limenyamaza, mama?"

"Si hili. Lilikuwa linalia hapa piii, piii. Likilia ujue liko kazini, likinyamaza maji yamechemka. Ndivyo alivyoniambia muuzaji Kariakoo, alisema linatoa taarifa. Leo nimewasha mawili, langu na la matroni, yakalia kwa pamoja, halafu yote kimya, na maji bado."

Nikachungulia tena chini ya meza.

"Mama," nikasema polepole, "inayolia ni hii hapa chini. Ya mashine."

Akainama, akaiangalia yupiesi, akaniangalia mimi. "Hiyo? Hiyo inalia kwa sababu gani?"

Naamini kila mtu mle ndani alifika mahali pamoja, ila kwa miguu yake. Mwalimu wa Fizikia alifumba macho na rula mkononi. Mwalimu wa dini alitazama kalenda ukutani, naona alikuwa anautafuta mwezi wake. Mama wa chai mwenyewe alifika wa mwisho, na alipofika aliweka mkono kiunoni.

"Kwa hiyo nyie vikao vyote vile," akasema, "mlikuwa mnajadili birika langu?"

"Umelichomeka wapi, mama?" mwalimu wa taaluma akauliza. Aliuliza taratibu, na wote tukatazama ukutani, penye mwandiko wake.

Mama alikuwa na nafasi ya kunyamaza. Angeweza kusema amechomeka ukutani, au kwamba birika lina betri. Walimu wale siku hiyo wangeamini. Aliutazama ule mwandiko. Aliitazama kalamu ya katibu, iliyokuwa imesimama kwenye mstari wa jina langu.

"Huyu mtoto mnamfukuza?"

"Azimio ndilo linalomfukuza, mama," mkuu akasema.

"Ana mdogo wake hapa."

"Tunajua."

Akaweka birika juu ya meza. "Basi andika. Nimechomeka mie. Kuna waya unatokea chini ya kabati, una soketi mbili mwishoni, niliukuta umelala bure. Tangu ninunue birika nachomeka hapo. Magoti yangu hayawezi tena zile ngazi za jikoni. Andika hivyo hivyo."

Katibu akaandika.

Kisha ikagundulika jambo moja la ajabu: mkuu alikuwepo, mwalimu wa taaluma alikuwepo, mhasibu alikuwepo, na funguo zote tatu zilikuwa mifukoni. Kabati likasogezwa kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Waya ulitoka kwenye meza ya vikombe, ukapita chini ya kabati, ukaingia moja kwa moja mgongoni mwa yupiesi. Kale kaboksi kalikuwa kakibeba mashine, na kila kikao kakiongezewa chai, kakilia kwa kuelemewa. Kuongeza watu ili akidi itimie kulileta birika la pili, na birika la pili ndilo lililofanya kile tulichokuwa tumekusanyika kukipigia kura.

Niliuchomoa waya. Nikanyoosha mkono kuwasha.

"Hapana!" mhasibu akasema. "Kuwasha bado hatujapitisha."

Kura ikapigwa. Wote waliinua mikono, mtunza bustani aliinua na mpira. Nikabonyeza. Mashine ilifikiri kwa muda mrefu sana, kisha ikafunguka, na alama zote zilikuwemo, kidato kwa kidato, hata soksi za mwaka ule zilikuwa na folda yake. Mchungaji akasema amina. Mwalimu wa dini akasema alhamdulillahi. Dereva akauliza kama sasa anaweza kutoka.

Kwenye mengineyo mkuu akatimiza alichoniahidi. Nilithibitishwa kazini mbele ya wote, wakapiga makofi, na katibu akaandika kwamba mashine ilizimwa na birika. Hapo ukazuka mjadala kama birika linaweza kujiachisha kazi. Ikaonekana haliwezi, kwa kuwa halijaajiriwa. Mama wa chai akapewa onyo la maandishi. Matroni alipigania birika lake mpaka akarudishiwa. La mama likawekwa ndani ya kabati la mitihani kama kidhibiti, kabati likarudishwa mahali pake, funguo tatu zikafunga.

Mdogo wangu yupo kidato cha tatu sasa. Koridoni ananipita kama hanijui, jambo linalonifurahisha. Mimi bado ni mtu wa kompyuta. Nimebandika karatasi yangu mwenyewe mlangoni inayosema kila Ijumaa jioni mashine itazimwa, na mkuu alipoipeleka kikaoni ilipitishwa bila kupingwa.

Ila birika halijatoka, maana kidhibiti hakitolewi bila kikao, na mama wa chai amerudi kwenye ngazi. Siku ile ile, watu walipokwisha kutawanyika, nilimwambia nitamwekea soketi yake mwenyewe, ukutani, halali, isiyogusana na mashine. Akaniuliza lini. Nikasema karibuni. Soketi inataka fundi umeme, fundi anataka idhini, idhini inataka kikao, na mimi ni mdogo sana pale kuwa na ajenda yangu. Naiweka kwenye mengineyo. Mengineyo huja mwisho. Kabla ya mwisho inakuja chai, na siku hizi chai inachelewa kwa sababu ya ngazi, na watu wakishakunywa wanaondoka, akidi inavunjika. Nimeiomba soketi hiyo kwenye kila kikao tangu siku ile na haijawahi kufikiwa.

Kwa hiyo kikao kikiitishwa mimi hushuka jikoni kwanza. Wiki iliyopita nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya chini, chupa mbili kubwa za chai ziko miguuni, anasugua goti.

"Bado?" akaniuliza.

"Bado, mama. Leo naweza nikafikiwa."

"Mwezi uliopita ulisema hivyohivyo."

"Ni kweli."

"Mie sikudai, baba," akasema, akanisukumia chupa zote mbili, yeye akachukua sahani ya maandazi. "Goti ndilo linakudai. Twende, usimwage."